Altaneta Ndani ya Mfuko

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi umeme wa boti, mtu mbishi asiyeamini hata utabiri wa mvua.

Mjane wa fundi mwenzake alimwita mchana kweupe. Boti aliyoachiwa na mumewe ilikuwa haichaji betri, na mnunuzi alikuwa njiani. Rafiki yangu akashuka chumba cha injini, ambako hata adhuhuri ni giza, akawasha taa ya humo. Ilimulika kwa shida, maana betri zilikuwa hoi. Akakata waya, akatoa mkanda, akaing'oa altaneta, kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri, na kuitia kwenye mfuko wa zana akaipime karakana.

Alikuwa ameshika ngazi aliposikia betri zikitokota. Kila fundi anaijua sauti hiyo: asidi hutoa mapovu betri inapochajiwa ikashiba. Injini ilikuwa kimya. Taa ikang'aa, ikafifia, ikang'aa zaidi, kama mtu anaongeza kasi ya injini na kuipunguza.

"Shemeji," aliita, "kuna mtu kagusa kitu huko juu?"

"Niko peke yangu." Sauti ya mjane ilitoka juu. "Kwani taa inapanda na kushuka? Marehemu ndivyo alivyokuwa akiijaribu altaneta."

 Rafiki yangu alipanda mbio, mfuko begani, na kufika juu akahisi mgongo unaungua. Akautua mfuko, akaufungua.

Puli ya altaneta, kigurudumu chake cha mkanda, ilikuwa ingali inazunguka, polepole, kama injini iliyotoka kuzimwa.