Shuka Mia Nne

Nyumba ya fundi ina vyumba viwili. Kimoja ni cha kulala, kingine ni cha cherehani na jiko. Fundi hushona, mumewe hupiga pasi na kukunja. Kila Ijumaa hupeleka kazi iliyokwisha, kwa sababu hawana pa kuiweka. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote.

Mwaka jana hospitali moja iliwapa kazi ya kushona shuka mia nne. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Fundi aliona aibu kuuliza, akatia sahihi. Ijumaa ya kwanza mumewe alipeleka shuka tisini, akarudishwa nazo mlangoni. Aliambiwa mkataba unasema shuka zipokelewe tarehe thelathini, si kabla. Basi zikarundikwa ndani mpaka zikaziba dirisha. Moshi wa jiko ukazipata, na hospitali ikakataa nusu. Fundi alilia kwa hasira. Machozi yalikauka, hasira akaihifadhi.

Mwaka huu hospitali imeleta mkataba mpya. Safari hii fundi hakugusa kalamu. Alivuka uchochoro hadi kwa jirani yake, mama mtu mzima aliyekuwa karani wa mahakama. Mtaa mzima humwita Bibi Miwani.

Bibi Miwani alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kikasimama.

"Hapa, mwanangu. Wameandika 'on' tarehe thelathini. Maana yake ni siku hiyo tu. Nyinyi mnataka 'by', yaani siku yoyote, mradi tarehe thelathini isipite. Kisha waongeze kwamba mtapeleka kidogo kidogo, kila Ijumaa."

Fundi alishangaa herufi mbili kuwa na nguvu hivyo.

"Sindano nayo ni ndogo," alisema Bibi Miwani, "na ndiyo inayokulisha."

Alimwonya pia asikubali ahadi ya mdomo. Kilicho nje ya karatasi, mbele ya hakimu ni vigumu kukithibitisha.

Nyumbani, mumewe aliingiwa na hofu. Alisema wakiwabana sana, hospitali itatafuta fundi mwingine.

"Watafute," fundi alijibu. "Mimi silali tena katikati ya shuka za watu."

Kesho yake alikwenda kwa ofisa wa ununuzi, akamwonyesha neno lile. Ofisa alicheka. Alisema hilo ni jambo dogo, wataelewana tu.

"Kama ni dogo, liandike."

"Mama, mkataba umeshachapwa."

Fundi alirudisha kifuniko cha kalamu, akavuta kiti.

"Nami nimeshakaa. Nitasubiri uchapwe upya."

Ofisa alitazama saa, akamtazama fundi, akatazama saa tena. Mwisho alimwita mpiga chapa. Karatasi mpya ilipokuja, fundi aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akaliona 'by', na chini yake habari ya Ijumaa. Ndipo akatia sahihi. Nakala yake aliondoka nayo.

Kila Ijumaa shuka zilitoka nyumbani zikiwa nyeupe. Hata moja haikurudishwa. Dirisha lilibaki wazi.

Siku hizi mafundi wenzake humletea mikataba yao, naye huwapeleka kwa Bibi Miwani. Wapo wanaosema wanaona aibu kuuliza. Hao huwajibu hivi:

"Aibu yangu ilikula shuka mia mbili. Yako unailisha nini?"