Mikono Iliyofunika Macho

Stesheni ya Manggarai haina subira saa za jioni. Treni ya Bogor ilikuwa imefika, watu wamemwagika jukwaani, na Wening Larasati akageuka ghafla kutafuta ngazi. Begi lake la raketi likageuka naye, likampiga kijana mmoja kifuani. Chai ya barafu aliyokuwa ameishika ikaishia kwenye shati lake jeupe, lililopigwa pasi vizuri.

"Mungu wangu! Samahani kaka, sikukuona."

"Begi kama hili lingewekwa honi," alisema kijana akijikung'uta barafu. "Dada, unacheza badminton au unahama nyumba?"

Wening alicheka. Alikuwa na jaketi la njano la klabu yake, nywele fupi, na bandeji gotini. "Nacheza. Peke yangu, si wawili wawili."

"Najua. Nilikuona Surabaya. Ukichoka, unaacha kona ya nyuma wazi."

Kicheko kikakatika. "Na wewe ni nani, kocha?"

"Naitwa Rojali. Nauza miwani soko la Jatinegara. Siku za mashindano ni mwamuzi wa mstari."

"Ahaa! Nyinyi ndio mnaotuua."

"Sisi tunaangalia kinyoya mnachokipiga kimeangukia wapi, basi. Kuuana mnauana wenyewe."

Wening akamnunulia chai nyingine. Treni zikapita, na hakuna aliyekumbuka kupanda.

Tangu hapo simu hazikulala. Wening alimwita Bang, yaani kaka; Rojali alimwita Neng, yaani dada mdogo.

"Bang Jali, umekula?"

"Nimekula, Neng. Supu ya soto na wali. Wewe?"

"Kuku wa kuchemsha, hana hata chumvi. Kocha ananilisha kama mgonjwa."

"Chukua ubingwa wa jiji, nitakulisha mishikaki ya sate mpaka uombe msamaha."

Ubingwa huo haukuwa wa mzaha. Bingwa angechukuliwa moja kwa moja kambi ya taifa, Cipayung. Wening alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kocha wake, Bi Sulastri, alishamwambia bila kuzunguka kwamba asipoingia mwaka huu, klabu itampa kazi ya kufundisha watoto. Kucheza kungeishia hapo.

Waamuzi wa mstari wana desturi yao. Mwenye ndugu au mpenzi kati ya wachezaji humwambia msimamizi mapema, akapangiwa mechi nyingine. Rojali alikuwa akiahirisha. Leo aliona aibu, kesho akasema huenda wasikutane. Siku ya fainali akapangiwa kiti cha kona, uwanja wa Wening. Wening alipomwona hakuwaza lolote baya. Moyo ulimtulia tu.

Mpinzani alikuwa Meilani wa Kudus, msichana mrefu asiyechoka. Ngoma zilipigwa na kila pigo la smeshi ukumbi ukaitikia "Eaaa!" Seti ya tatu ikafika ishirini kwa kumi na tisa, Wening akiongoza. Ilibaki pointi moja tu. Meilani akainua kinyoya juu, mbali, kuelekea mstari wa nyuma. Wening alirudi, akakitazama, akashusha raketi. Akakiacha kianguke.

Kiliangukia mbele ya miguu ya Rojali. Nje, kwa upana wa kidole.

Kazi yake ilikuwa kutanua mikono na kupaza sauti kwamba ni nje. Mikono ilianza kupanda. Kisha akawaza ukumbi mzima utakavyosema: amempa mchumba wake ubingwa. Mikono ikapita mabega, ikafunika macho. Ndiyo ishara ya mwamuzi ambaye hakuona.

Mwamuzi mkuu naye alikuwa amezibwa na mchezaji, hakuona. Pointi ikarudiwa. Meilani akaichukua, na mbili zilizofuata pia, na ubingwa ukawa wake.

Wening alimkuta Rojali nyuma ya ukumbi, kwenye maegesho ya pikipiki, jasho halijamkauka.

"Ulikiona."

Rojali akatazama magurudumu ya pikipiki.

"Bang, nakuuliza wewe. Ulikiona?"

"Nilikiona. Kilikuwa nje."

"Muuza miwani mzima! Watu wanakuja kwako wapate kuona, wewe unajiziba macho!"

"Niliogopa watasema nimekupa."

"Nani alikuomba unipe? Ungesema kilipoangukia, basi! Kingekuwa ndani, ungesema ndani, ningelia begani kwako. Umeninyang'anya changu ili wewe usisemwe."

"Neng, nisikilize..."

"Usiniite Neng."

Kesho yake asubuhi Rojali alikwenda kwa msimamizi akaeleza yote, mapenzi na kinyoya. Matokeo hayakubadilika. Yeye akafungiwa mwaka mzima. Simu zake kwa Wening ziliita bila kupokelewa, mwisho akaacha kupiga.

Habari ilimfikia Wening kupitia kwa Bi Sulastri, mazoezini. "Kijana wako amejisalimisha mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Na kuna jambo jingine. Cipayung imebaki nafasi moja. Jumamosi mtachujwa. Kaza kamba za viatu."

Ijumaa simu ya Rojali ikaita.

"Kwa nini hukuniambia umefungiwa?"

"Ungenihurumia. Nilitaka uendelee kukasirika. Ukikasirika unacheza vizuri."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Kesho nacheza. Kiti chako hakipo tena. Njoo ukae na watu."

Akaja. Lakini mtu aliyezoea kukaa kando ya uwanja miaka yote bila hata kupiga makofi hajui kushangilia. "Eaaa" yake ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Bibi mmoja aliyeketi kando yake akamgeukia. "Kwa nguvu, we kijana! Umekuja msibani?"

Kufika seti ya tatu alikuwa amesimama juu ya benchi, shati limelowa, koo limepasuka. Wening alikuwa akikimbizana na binti wa Tasikmalaya mwenye miguu myepesi kama paka. Kona ya nyuma hakuiacha wazi hata mara moja. Kwenye pointi ya mwisho aliruka kama anayepiga smeshi, binti akarudi nyuma mbio, na Wening akakigusa tu kinyoya. Kikavuka wavu, kikadondoka. Ukumbi ulilipuka. Bibi akamkumbatia Rojali bila kumjua jina.

Wening alitoka na taulo shingoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Jumatatu naingia bweni. Kutoka ni Jumapili tu."

"Kila Jumapili utanikuta getini," Rojali alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Getini usije."

Uso ukamshuka.

"Jumapili ya kwanza niko kwa wazazi wangu, Klaten. Njoo huko. Na usije peke yako, uje na wazazi wako. Nyinyi Wabetawi wa jiji hili si hamwendi kuposa bila ile mikate yenu ya umbo la mamba, dume na jike? Basi nayo ije."

Rojali akatoa simu palepale.

"Mama? Ile mikate ya mamba, inaagizwa wapi?"

"Mamba?" Sauti ya mama ilisikika hadi nje ya simu. "Jali, mbona umekauka koo? Unalia? Mikate ya nani hiyo?"

Wening akamnyang'anya simu.

"Shikamoo, mama. Ni yangu."