Redio Iliyodhaniwa Televisheni

Kila siku masomo yakiisha, Nishat alitia redio ya klabu ya sayansi ndani ya bati la biskuti akaenda nayo kwao Mji wa Kale, kwa kuwa kabati la shule halikuwa na kufuli. Redio yenyewe ilikuwa ndogo kama kidole gumba. Ukiichomeka kwenye kompyuta, hunasa ishara za meli zinazoingia Kilindini na kuzionyesha kwenye ramani. Jumamosi wangeipeleka mashindanoni.

Jumatatu jioni, mkokoteni ulimpiga kikumbo sokoni Marikiti, bati likaanguka. Kesho yake Nishat aliieleza klabu mwenyewe. Redio ilipochomekwa, programu ya ramani ikaandika: hakuna kifaa.

"Umeiua!" alisema Tom, kiongozi wa klabu. "Tuizike humo humo batini. Omba radhi!"

"Sijui kama imekufa. Wala wewe hujui."

Tangu hapo hakuna aliyekaa naye. Nishat hakulia. Alikula bila kusikia ladha, na akiitwa aliitika kana kwamba anamjibia mtu mwingine.

Alhamisi, klabu ilipokutana, Mwalimu Mbodze alimwita mbele. "Mwanangu, sema pole yaishe. Usiposema, Jumamosi utabaki nyumbani."

"Mwalimu, naomba kwanza tuiulize kompyuta."

Akachomeka redio, akaandika lsusb, amri inayotaja kila kifaa kilichochomekwa. Redio ilikuwamo, mstari wa tatu.

"Kumbe i hai!" Mwalimu akavuta kiti. "Mbona programu haiioni?"

Wakasoma kumbukumbu za kompyuta mstari kwa mstari. Kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, kilikuwa cha televisheni. Kilikuwa kimeidhania redio ni kipokezi cha televisheni, kikaidaka na hakitaki kuiachia.

"Hiki tulikipiga marufuku mwaka jana," alisema Nishat.

"Nani ameigusa kompyuta?" aliuliza Mwalimu.

Tom akatazama viatu vyake. "Mimi. Niliweka upya Linux, mfumo wote wa kompyuta, Jumatatu. Kompyuta ilikuwa nzito."

Marufuku yalikuwa yamefutika hapo. Nishat aliliandika tena jina la kiendeshi kwenye orodha ya vilivyokatazwa, akawasha kompyuta upya. Meli tatu zikatokea kwenye ramani. Wenzake wakashangilia. Yeye alizitazama tu, hana furaha wala uchungu.

"Nimekosa, Nishat," alisema Mwalimu. "Nilitaka useme uongo ili mimi nipumue. Nanyi sikilizeni: alikuja mwenyewe kusema bati limeanguka, tukamlipa kwa kumbebesha kosa lisilo lake. Chunguzeni kwanza, ndipo mlaumu."

Tom akakuna kichwa. "Haya, nisamehe. Na wewe omba radhi kwa kuangusha bati, tuwe sawa."

Nishat akafunika bati lake.

"Siombi."