Mkono Usioachia

Jaketi za kuokolea zilikuwa tatu, na abiria walikuwa wawili. Njuguna aliliona hilo pale gatini, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, wakati nahodha akizipanga juu ya benchi moja moja kama mtu anayegawa sahani.

"Tuko wawili," akamwambia kwa Kiingereza.

Nahodha alikuwa mzungu mrefu aitwaye Hollis, aliyevua halibati, samaki bapa wakubwa wa bahari ya baridi, Alaska miaka mingi kabla baridi haijamharibu magoti. Akageuka kuangalia nyuma ya mashua.

"Na yule aliyekaa kule?"

Kule nyuma hapakuwa na mtu. Hollis alipepesa macho, akacheka kidogo, akasema kahawa bado haijamwingia. Lakini jaketi ya tatu hakuirudisha.

Safari hiyo ya siku nzima aliitaka Aketch. Mumewe, Simiyu, alizama katika ghuba hiyohiyo waliyokuwa wakienda kuvua, Juni ya 2006, kwenye mashua nyingine, akiwa na Njuguna. Sasa mwaka ulikuwa umetimia, naye alitaka kuyaona maji yaliyomchukua mume wake, avue kutwa kama alivyovua yeye, kisha afunge ukurasa huo.

"Tukirudi nitakupa jibu lako," alikuwa amemwambia Njuguna.

Lilikuwa jibu la posa. Tangu mazishi, Njuguna ndiye aliyempeleka Aketch kila siku kutoka Bladensburg, mtaa waliokaa huku ughaibuni, hadi Wheaton, alikokuwa akitunza wazee. Ndiye aliyembebea mizigo na kukaa naye kimya alipolia. Wiki tatu nyuma, Aketch alimwambia aache kumwita shemeji. Njuguna hakulala usiku ule kwa furaha.

Kulikuwa na jambo asilolijua Aketch. Siku ile ya ajali, nahodha wa mashua ile nyingine alikuwa mbele akihangaika na nanga. Simiyu aliinama kumwopoa samaki kwa wavu, akapinduka, akaingia majini. Njuguna alilinyakua boya, lile la duara lenye kamba. Simiyu alikuwa karibu kabisa, akimtazama machoni. "Tupa, Nju," akasema. "Tupa." Njuguna hakutupa. Alikuwa amempenda Aketch kabla Simiyu hajamjua, na kwa mdomo wake mwenyewe ndiye aliyewakutanisha kule Kitale. Alilishika boya mpaka maji yakajifunga juu ya kichwa cha rafiki yake, ndipo akapiga kelele. Baadaye aliwaambia polisi kwamba alikuwa amegeuka akiweka chambo, hakuona kitu.

Basi walivua. Hollis alizima injini, akaiacha mashua ielee na mkondo, chambo zikiburuzwa chini mchangani wanakolala samaki bapa. Samaki wa hapa, aliwaambia, ni mdogo wake halibati: macho yote mawili yako upande mmoja, na upande wa pili ni mweupe mtupu. Aketch alipata wawili kabla ya saa nne, na mara moja akatabasamu. Njuguna akaanza kupumua.

Saa sita Hollis aligawa mikate. Aligawa vipande vitatu.

"Rafiki yenu mbona hali?" akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kuuliza. "Ametota vile. Ana baridi?"

Aketch alimtazama Njuguna. "Anamwongelea nani?"

"Sijui. Labda jua limempiga."

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Haikuwa harufu ya samaki wala ya mafuta ya injini. Ilikuwa harufu ya sweta la sufi lililolowa likafungiwa mfukoni kwa muda mrefu, na Njuguna aliijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kuutambua mwili siku ya tatu. Kule nyuma Hollis alikuwa ametega mshipi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na sasa ufito wake ukapinda mpaka ncha ikagusa maji. Hollis akapiga kelele kwamba mtu auvute. Njuguna akauvuta, kwa kuwa Aketch alikuwa anatazama na hakutaka kuonekana mwoga. Akavuta mpaka mabega yakawaka moto, kitu kile kikija juu taratibu bila kupigana, kizito kama mlango uliong'olewa, hadi kikalala juu ya ubao, samaki bapa mkubwa kuliko wote Hollis aliowahi kuwaona katika ghuba ile. Macho yake mawili yalimwelekea Njuguna, nao mdomo wake wa kombo ulifumbuka na kufumba, ukafumbuka na kufumba. Na katika kufumbuka huko Njuguna alisikia, polepole, kwa sauti iliyojaa maji, "Tupa, Nju."

Alitaka kuutupa mshipi. Vidole vya mkono wa kulia vilikataa.

Hollis alivibandua kimoja kimoja. Aketch alimsugua kiganja akidhani ni mkazo wa misuli, na mikono yake ilikuwa ya upole mno hata Njuguna akatokwa na machozi. Samaki yule hawakurudi naye. Hollis alimrudisha majini bila kuambiwa, akawasha injini, na njia nzima hakugeuka nyuma hata mara moja.

Toka siku hiyo, mkono wa Njuguna haukuachia ulichokishika mpaka wenyewe upende. Alifanya kazi ya teksi, kubeba abiria wa uwanja wa ndege, upande wa Herndon. Siku ya pili alishika mkoba wa bibi mmoja amsaidie kuushusha. Bibi akavuta, mkono haukuachia, bibi akaanguka, akavunjika nyonga pale kwenye lami, huku Njuguna akiwa amesimama juu yake na mkoba mkononi akiomba radhi. Akafukuzwa kazi. Kila alipofungua bomba, maji yalisema neno lile. Akaacha kuoga.

Jumapili Aketch alimletea uji. Njuguna alipokea bakuli, na vidole vikakutana na kifundo cha mkono wa Aketch, vikakikaba.

"Niachie," Aketch akasema.

"Siwezi."

"Njuguna. Unaniumiza. Niachie."

"Siwezi, Aketch, walahi siwezi."

Mfupa ulilia kama kijiti kikavu ndipo vidole vikalegea vyenyewe, kana kwamba vimepata vilichokitaka. Aketch hakumlaumu. Alifungwa plasta hospitalini, na kesho yake akamshika bega, akampeleka kwa Bi Riziki.

Bi Riziki alikuwa mwanamke wa Pangani, mpishi wa shule ya watoto mjini Herndon, na watu wa pwani walimfuata kwa mambo yasiyosemwa kwa daktari. Alimkalisha Njuguna mkekani, akafukiza ubani, akaweka mbele yake beseni jeupe la maji yaliyosomewa. Kisha akauliza taratibu, akimuuliza si Njuguna bali aliyekuwa ndani yake.

"Nani mwenzetu?"

Mdomo wa Njuguna ukajibu, na maji yakamtoka kwenye kona za midomo. "Mimi ni wa humo ghubani."

"Wewe ni marehemu?"

"Marehemu kaisha. Mimi nilikunywa neno lake la mwisho, na neno halishuki. Linanikwama. Huyu ndiye mwenye nalo."

Bi Riziki alimtazama Njuguna kwa huzuni. "Mwanangu, jini huyu hana ugomvi, anataka njia tu ya kutokea. Utamke ulichokizuia, mbele ya mwenye haki. Akikusamehe, huyu ataondoka. Asipokusamehe, mimi sina dawa."

Njuguna akatamka. Alisema yote, bila kumtazama Aketch: boya, kamba, Kitale, polisi. Alipomaliza, ubani ulikuwa ukipasuka kwenye makaa.

"Aliita mara ngapi?" Aketch akauliza.

"Mara saba."

"Ulihesabu."

Aketch aliinama juu ya beseni, plasta yake kifuani, akasema na kile kilichokuwa ndani ya yule mwanamume kama anayesema na mpangaji. "Wewe huwa unakula nini?"

"Yeye. Kidogo kidogo."

"Huchukua muda gani?"

"Ana afya. Miaka mingi."

"Basi kaa."

Njuguna akalia, akambwagia kichwa miguuni. "Aketch, nilikupenda."

"Nilikuwa nije nikwambie ndiyo," Aketch akasema. "Hilo nataka ulijue."

Akavaa viatu. Bi Riziki alimfuata hadi mlangoni, akanong'ona, "Binti, usimwachie mtu jini. Ni dhambi nzito."

"Najua, Bi Riziki. Asante kwa kunipokea. Hapa basi la kwenda Wheaton hupita wapi? Naingia kazini saa tisa."

Bi Riziki alimwonyesha kituo. Aliporudi ndani, Njuguna alikuwa bado mkekani, ameukumbatia mkono wake wa kulia, na vidole vilikuwa vikijikunja vyenyewe kuelekea ndani, kucha zikitafuta nyama ya kiganja. Alimwekea mto, akamsomea mpaka jioni. Vidole havikusimama.

Asubuhi ya siku ya tatu Njuguna aliamka akakuta mkono wa kushoto nao umefumba, na katikati ya vidole maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka shukani, tone moja moja, bila kwisha.