Masikio ya Jani

Kila alasiri baada ya masomo, Chapuchapu na binamu yake Kobe walibaki darasani kukausha mimea. Majina hayo walipewa na wenzao, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Chapuchapu alimaliza kazi kabla hajaianza vizuri. Kobe aliweza kulitazama jani moja mpaka aliyekaa naye akasinzia.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliwapa kazi ya kubandika kwenye ubao magugu ya aina mbili yenye maua ya manjano. Yalikuwa ndugu wa karibu, yanayoota na kufa ndani ya mwaka mmoja, na yalifanana kama pacha. Ubao mzuri ungetundikwa mlangoni siku ya wazazi, na Chapuchapu aliutaka mlango ule kwa moyo wote. Mama yake, fundi cherehani, hakuwa amewahi kuona kazi ya mwanawe ikitundikwa popote. Kila mwaka ilikataliwa kwa sababu ileile: ameilipua.

"Haya marefu ni aina ya kwanza, haya mafupi ni ya pili," Chapuchapu alisema akipaka gundi. "Mbona unanitolea macho?"

"Marefu yote tuliyang'oa penye bomba linalovuja," Kobe alisema. "Mafupi tuliyang'oa njiani, palipo pakavu. Labda tofauti ni maji tu. Mwalimu alisema tutazame masikio."

"Masikio, masikio. Tangu lini gugu likasikia?"

"Pale chini, jani linapokumbatia shina. Aina moja yamechongoka. Nyingine ni ya mviringo, na jani lina miiba. Hebu tuone."

Waliinama kutazama. Hapakuwa na sikio hata moja. Ili mimea ikae vizuri kwenye karatasi, Chapuchapu alikuwa amekata sehemu ya chini ya kila jani na kuitupa.

Alikasirika kweli. Alimkasirikia Kobe kwa kuuliza, mwalimu kwa kuchagua magugu yanayofanana, hata mkasi kwa kuwa mkali. Mwalimu akaingia wakati huohuo.

"Mna uhakika na majina?"

"Ndiyo, mwalimu," Chapuchapu alijibu upesi. Kobe alitazama sakafu.

Nyumbani, mama alimwambia kwamba siku ya wazazi atafunga cherehani aje kuuona huo ubao. Chakula kikamshinda Chapuchapu.

Asubuhi alimfuata mwalimu ofisini. "Nilidanganya, mwalimu. Sijui ipi ni ipi. Masikio niliyakata."

Mwalimu alivua miwani, akajisugua macho. "Mtoto wewe utanizeesha kabla ya wakati. Wiki nzima naimba masikio, masikio, wewe unayakata. Na siku ya wazazi ni kesho. Utakausha mimea mingine saa ngapi?"

"Tutaleta mibichi, mwalimu. Kwenye makopo."

Alasiri yote yeye na Kobe walikagua magugu. Ya bombani, masikio yamechongoka. Ya njiani, yamechongoka vilevile. Marefu na mafupi yalikuwa kitu kimoja, na Chapuchapu alitamani kulia kwa hasira. Jasho lilimtoka, miguu ilimuuma, na Kobe bado alikuwa anachungulia mmea mmoja taratibu kana kwamba anatafuta chawa.

Nyuma ya uzio wa shule, Chapuchapu alishika gugu jingine, akaruka. Lilikuwa limemchoma kidole. Alilitazama pale chini ya jani: masikio ya mviringo, yenye miiba. Alikaa chini palepale, akacheka peke yake.

Siku ya wazazi, makopo mawili yalikaa mlangoni. Mama aliinama, akatazama moja, akatazama la pili. "Mbona mimi naona kitu kimoja?"

"Usiende haraka, mama. Shika hapa chini ya jani. Sasa shika na hapa."

Mwalimu alikuwa amesimama karibu. "Kukosea kwake kulinichosha tu," alimwambia mama. "Kilichoniudhi ni ile 'ndiyo'. Mtoto akisema anajua wakati hajui, nitamfundisha nini tena? Aliposema hajui, ndipo akajifunza."

Mama alitikisa kichwa. "Na hiyo 'usiende haraka' kaanza kuisema lini?"

"Jana," alisema Kobe, "baada ya kuchomwa."