Pumzi za Mwanasaumu

Nyamvula alizinduka wakati wa alasiri, akakuta unyayo wa mtoto wake una alama ya ukucha, ndogo, nyekundu, imepinda kama mwezi mwandamo. Akatazama kucha zake mwenyewe. Alikuwa amezikata mpaka karibu na nyama, kama alivyoagizwa hospitali. Mavyaa yake, Bi Mwanatabu, alikuwa kondeni tangu asubuhi. Mumewe Mwidani alikuwa kazini bandarini. Ndani ya nyumba hamkuwa na mtu mwingine.

"Labda nimeota," akajisemea, akamgeuza mtoto ubavu. Alikuwa amechoka hata kuogopa kulimshinda.

Uchovu huo haukuwa wa siku moja. Mwanasaumu alizaliwa katikati ya mfungo wa mwaka tisini, mimba ikiwa na miezi sita na siku chache, uzito wake gramu mia tisa. Alikaa siku mia na mbili hospitalini, ng'ambo ya kivuko, ndani ya sanduku la kioo, na mpira wa hewa puani. Kila asubuhi Nyamvula alivuka kutoka kwao Shika Adabu kwenda kumkamulia maziwa, na kila jioni akarudi mikono mitupu. Watoto watano waliolazwa karibu naye walitolewa wamefunikwa shuka. Mwanasaumu akatoka hai.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Jael, muuguzi wa kutoka bara, alimkalisha chini.

"Mama Mwanasaumu, hewa ya mtungi ndiyo iliyomwokoa, lakini imeacha makovu kwenye mapafu yake. Moshi usimfikie kabisa. Na saa nyingine atasahau kupumua. Akisahau, mpige unyayo kwa kidole, hivi, mpaka akumbuke."

"Mpaka lini, sista?"

"Mapafu ya mtoto huendelea kukua. Akifika miaka miwili hivi, atapumua bila kusaidiwa."

Miaka miwili. Nyamvula alirudi nyumbani, akavuta kigoda kando ya kitanda cha kamba, akaanza kuhesabu pumzi. Usiku halali. Mchana anasinzia pale pale alipoketi, akishtuka kila dakika.

Baada ya ile alama ikaja harufu. Ilikuja adhuhuri, jua likichoma makuti, nacho chumba kikaingia ubaridi wa kisima kilichofunikwa miaka mingi, harufu ya tope na majani yaliyooza. Kisha ikaja sauti. Mwanasaumu alihema haraka haraka kama kifaranga, mbavu zikiingia ndani, na chini ya pumzi zake Nyamvula akaanza kusikia pumzi nyingine, nzito, ya polepole, moja kwa kila kumi za mtoto.

"Nyamvula," mavyaa yake alimwita siku moja mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Abee, mama."

"Nani amelala humo?"

"Mtoto, peke yake."

Bi Mwanatabu alisikiliza kidogo. Hakuvuka kizingiti. "Basi masikio yangu yamezeeka," alisema, na tangu siku ile hakuingia chumba kile bila kusoma Ayatul Kursi.

Ijumaa iliyofuata, wanaume wakiwa msikitini, Nyamvula alikuwa amejinyoosha mkekani, macho nusu wazi, alipomsikia mtoto akinyamaza. Kabla hajainuka, kamba za kitanda zikalia na kubonyea kana kwamba mtu mzima ameketi, na harufu ya kisima ikamfika kooni, akataka kupiga ukelele lakini ulimi ukamlemea na mwili ukakataa kumtii, akabaki kutazama tu kidole kirefu, chembamba, chenye viungo vingi kuliko kidole cha mtu, kikitokeza kwenye kivuli cha chandarua na kuukuna unyayo wa mtoto, mara moja, mara mbili, na mtoto alipokawia kukumbuka, kitu kile kikainama juu yake, na mashavu ya Mwanasaumu yakajaa kama yanayopulizwa kwa ndani, mpaka ile zambarau ya midomo ikafifia, ikatoweka, na kile kifua kidogo kikaanza tena kuhangaika.

Mwidani aliporudi, Nyamvula alimweleza yote. Mumewe hakubisha.

"Hiyo harufu naisikia siku nyingi," alisema akitazama chini. "Nilidhani ni nguo zangu za kazi."

Kesho yake akamleta Bi Kafedha, mganga wa Mtongwe, mama mfupi mwenye chetezo cha kufukizia ndani ya kikapu. Aliweka viganja juu ya kitanda, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Ni jini wa kike," alisema. "Amezika mwanawe. Kitanda hiki amekifanya kiti chake."

"Anamdhuru mtoto?" Nyamvula aliuliza.

"Anampa pumzi. Ubaya wake ndio huo. Atamlea mpaka pumzi za mtoto zitimie, apumue mwenyewe, halafu atasema ni wake, aende naye."

"Mfukize," Mwidani alisema.

Nyamvula alimkumbatia mtoto. "Moshi utamuua."

"Basi mtoe, ukae naye mbali, upande unaotoka upepo. Mimi nitafukiza kitanda." Bi Kafedha alimwangalia usoni. "Lakini nisikilize, mwanangu. Nikishamtoa, usimwite. Mama mwenye mtoto akimwita kwa kinywa chake, mimi simwezi tena."

Akiwa kule ukingoni mwa ua, Nyamvula aliona moshi wa ubani ukitoka dirishani, akamsikia mganga akisema kwa upole, kama anayembembeleza mpangaji ahame. Mwisho ikasikika sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na kuku wakatawanyika uani. Bi Kafedha akatoka, jasho likimtiririka.

"Ameondoka," alisema. "Ameondoka akilia."

Chumba walikiacha kikae wazi siku tatu, moshi uishe, ndipo mtoto akarudishwa. Hakukuwa na harufu wala ile pumzi nzito. Hapo ndipo Nyamvula alipojua ni zamu ngapi alizokuwa akisaidiwa.

Siku ya pili baada ya kurudi, adhuhuri, alihesabu mpaka arobaini. Aliposhtuka, jua lilikuwa limeshahama dirishani. Mwanasaumu alikuwa kimya, midomo zambarau, uso rangi ya majivu. Alimpiga unyayo. Akampiga tena. Akampulizia kinywani kama alivyomwona yule jini akifanya. Kifua hakikuinuka. Mavyaa kondeni, Mwidani kazini, hospitali ng'ambo ya maji.

Hakulia. Kulia kulitaka nguvu. Alimlaza mtoto kitandani, akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita jirani:

"Mwenzangu, rudi. Nimechoka."

Kamba za kitanda zikalia.

Mwanasaumu akakua. Nyamvula hakumwambia mtu. Sasa alilala mchana, usingizi wa kweli, na Bi Mwanatabu alipouliza kuhusu ile harufu, alimwambia ni unyevu wa ukuta. Mtoto alipofika miaka miwili akampeleka kliniki. Sista Jael alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akatabasamu.

"Kifua kimetulia kabisa. Huyu amepona, mama. Sisi hapa hatukutegemea. Nenda nyumbani ukalale."

Nyamvula alishukuru. Kivukoni Mwanasaumu alitaka kukimbia; mama yake akamshika mkono. Waliposhuka akambeba mgongoni, mkubwa kama alivyokuwa, akamfunika leso mpaka kichwani. Bi Mwanatabu alikuwa akiwangoja uani.

"Wamesemaje?"

Nyamvula alimpita, akaingia chumbani, akamlaza mtoto kitandani. Kulikuwa na baridi humo.

"Tucheze mchezo wetu," alimnong'oneza.

Mwanasaumu aliujua mchezo. Alikuwa akifundishwa tangu mwezi uliopita. Akafumba macho, akaanza kuhema haraka haraka, mbavu akiziingiza ndani.

Nyamvula akainua uso. "Sista anasema bado," alisema kwa sauti, akitazama upande wa kitanda usio na mtu. "Bado sana."

Baada ya kitambo kamba za upande ule zikabonyea, taratibu. Nyamvula akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuhesabu.