Tumbo la Kalkulasi

Kila asubuhi ya likizo ndefu, fundi wa friji alipangusa kona ya meza katika karakana yake, akamwekea binti yake kitabu na penseli. "Haya Profesa, karibu ofisini!" Jina hilo lilimganda tangu achaguliwe kujiunga na darasa la kalkulasi, hesabu ambazo wengi shuleni kwao walizisikia kwa jina tu. Kila mteja alipewa habari hiyo kabla hajaulizwa friji yake ina nini.

Profesa alitabasamu, akainamia kitabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amewapa sura za mwanzo wazisome nyumbani, na shule ikifunguliwa kungekuwa na jaribio. Atakayeshindwa angerudishwa darasa la kawaida. Yeye alikuwa amekwama ukurasa wa kwanza. Swali lilitaka mteremko wa mstari uliopinda, na kabla ya kuufikia palikuwa na hesabu za sehemu zenye herufi juu na chini ya mstari. Miaka yote alikuwa akikariri hatua bila kujua sababu zake, na alama zikaja. Sasa hapakuwa na cha kukariri.

"Inaendaje?" baba aliuliza, nusu ya mwili wake ikiwa nyuma ya friji.

"Vizuri, baba."

Uongo huo ulitoka kwa urahisi. Kesho yake aliurudia bila kuinua macho kitabuni. Hamu ya kula ikamwisha. Akiona sketi ya shule imeanikwa kambani, tumbo lilimkata. Mwishowe akaanza kutapika. Baba alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampeleka zahanati.

Daktari alimbonyeza tumbo, akasoma majibu ya damu. "Malaria hakuna. Mwanangu, tumbo huanza kuuma wakati gani?"

"Nikifungua kitabu." Jibu lilimponyoka.

Baba aligeuka. Profesa akaangua kilio. "Nilikudanganya, baba. Hata ukurasa wa kwanza sijauvuka. Na wewe umeshamwambia kila mtu!"

Profesa alijikunyata, akisubiri kugombezwa. "Kumbe na mdomo wangu umo katika ugonjwa huu," baba alisema taratibu. "Twende kwa mwalimu wako."

"Baba, atanifuta darasani!"

"Akikufuta, akufute ukiwa umesema kweli."

Mwalimu aliwakaribisha kwake, akampa Profesa hesabu moja ya sehemu aikokotoe. Akakosea. Mwalimu alifuata hatua zake kwa kidole.

"Kalkulasi haijakushinda," alisema. "Hujaifikia bado. Kinachokukwamisha ni sehemu na aljebra za madarasa ya nyuma."

"Nisome kitabu cha mdogo wangu?"

"Hichohicho. Na kila hatua ujiulize kwa nini. Ukikwama, njoo."

Aibu aliiona, hasa mdogo wake alipomkabidhi kitabu akisema, "Dada, usinichorechoree!" Lakini alikaa nacho, akauliza, akafuta, akaanza upya. Wateja walipomuulizia Profesa, baba alijibu tu, "Yuko kazini." Hofu haikuondoka, ila chakula kilianza kupita.

Siku ya jaribio ikafika. Maswali mengine hakuyaelewa kabisa. Aliyoyajua, safari hii alijua na sababu zake. Alipita, tena kwa kuponea chupuchupu.

Mwalimu alimrudishia karatasi akamwambia, "Kuogopa si kosa. Kosa lilikuwa kuificha hofu hadi ikakulaza. Ungenyamaza, leo ningekurudisha darasa la kawaida, na wala nisingejua kwamba unaweza. Usipoelewa, sema mapema."

Kisha akaandika ubaoni mfano wa kwanza wa kalkulasi. Profesa aliutazama, tumbo likaanza kukaza. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo sijaelewa."

"Vizuri," alisema mwalimu. "Nani mwingine?"

Mkono mmoja ukainuka nyuma, kisha mwingine, kisha karibu yote.